Wakuu, hii mashine ya kufyonza vumbi ya babu ni ya aina gani, na inafufuka?

Mtu wa Iramba

Habari zenu wakuu.

Naomba msaada kwa wanaojua vyombo vya umeme vya zamani. Nyumbani kwetu Kiomboi kuna mashine ya kufyonza vumbi, ile ya kusimama, mpini mrefu na mfuko unaning'inia nyuma. Babu alikuwa seremala wa misheni, na wamisionari wa Kilutheri wa Kimarekani walipofunga mizigo walimwachia kabati, vitabu na hiyo mashine. Bibi anasema ilikuja na watu wa Augustana kabla ya Uhuru. Tangu nipate akili sijaiona ikiwashwa, imekaa stoo chini ya magunia ya alizeti. Sasa nimeichukua niko nayo hapa Dodoma.

Picha zinagoma kupanda, kwa hiyo naeleza kwa maneno. Mwili wote ni aluminiamu, mzito balaa, umeota ukungu mweupe na vidoadoa. Mbele kuna taa kubwa kama ya pikipiki. Juu ya mdomo wa kufyonzea kuna kitasa cha kuzungusha chenye alama ya mshale. Brashi ya kuviringika ipo ila nywele zimeisha upande mmoja. Mkanda wa mpira umekauka ukakatika vipande. Mfuko panya wamemaliza.

Kibao cha jina kimekwanguka mwanzoni, zinasomeka herufi hizi tu: NITRONIC 80. Kwa chini nimemulika na tochi nikaona CLEVELAND, OHIO na volti 115. Ampea hazisomeki. Waya umepasuka ganda, plagi ina meno mawili bapa, na palipokuwa na pini ya tatu inaonekana mtu alikata kwa msumeno.

Ilikuja pamoja na boksi la chuma zito sana lenye soketi mbele. Kule nyumbani tunalitumia kuzuilia mlango wa jikoni.

Ninachotaka kujua: ni mashine gani hii na ya miaka gani, naweza kuichomeka nione kama mota ni nzima, na je, niipige rangi ya silva? Kuna fundi hapa ameshaniambia ataipuliza ing'ae kama mpya.

Naomba kuwasilisha.

Kipanga wa Mjini

Hiyo Hoover mkuu. Chomeka tu, vitu vya wazungu wa zamani haviungui.

fundi_koili

USICHOMEKE!

Umeshaandika mwenyewe kibao kinasema volti 115. Tanesco wanakupa 230. Mota za mashine hizi ni za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), hazina breki ya kasi. Ukiipa umeme mara mbili inazunguka kuliko ilivyotengenezwa, kaboni zinatema cheche na amecha (sehemu ya mota inayozunguka) inaungua kabla hujafika kwenye swichi kuzima. Nimeshaletewa blenda na drili nyingi za Marekani zimekufa hivyo hivyo, mtu amebadilisha plagi akadhani amemaliza kazi.

Hilo boksi la mlango lifuate haraka. Soma lina maandishi gani, kisha rudi hapa.

Mbongo wa Columbus

Kipanga, siyo Hoover hiyo. Hoover asili yake ni Ohio pia, mji wa North Canton, lakini mwili wote wa aluminiamu, taa mbele na Cleveland kwenye kibao vinaelekeza kwa Kirby. Na herufi zilizobaki zinamaliza ubishi: jina kamili ni Dual Sanitronic 80. Ni toleo la mwisho wa miaka ya 1960, lililotangulia Kirby Classic.

Kwa hiyo bibi yuko sahihi kuhusu wenye mashine, ila kwenye mwaka amechanganya. Augustana ndio walioendesha kazi ya Kilutheri huko Iramba, na hospitali ya Kiomboi ilikuwa yao. Lakini kanisa lao kule Marekani liliungana na mengine mwaka 1962, na KKKT ikaundwa 1963. Mashine hii imekuja baada ya hapo. Nadhani watu waliendelea tu kuwaita kwa jina la zamani.

Kirby ziliuzwa nyumba kwa nyumba, si dukani. Muuzaji anagonga mlango, anamwaga uchafu kwenye zulia lako halafu anaufyonza mbele yako. Zilikuwa ghali, na kampuni mama, Scott Fetzer, ilikuja kununuliwa na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett mwaka 1986. Huku bado kuna watu wanazikusanya na kuzifufua, hivyo vipuri si shida.

Kile kitasa chenye mshale ni cha mkanda. Ukikigeuza kinaushika mkanda na kuutoa kwenye shafti, au kuurudisha, bila bisibisi. Mdomo wote unachomoka, unaweza kufunga mpira mrefu badala yake, au kichwa cha kupolishi sakafu. Kulikuwa na kifaa kingine kinaitwa Handi-Butler, kinachukua nguvu ya mota hiyo hiyo kupiga msasa, kunoa na kutoboa. Muulize bibi kama kuna kisanduku cha vifaa mahali.

Mtu wa Iramba

Mkuu wa Columbus umenishtua. Nimempigia bibi. Kisanduku hakipo, lakini anakumbuka babu akisugulia miguu ya viti kwa "ile mashine ya zulia" kwenye karakana ya misheni, jenereta ikiwa inawaka. Wote tulikuwa tunadhani anachanganya mambo kwa sababu ya umri.

Fundi, boksi nimesomewa kwa simu. INPUT 230 V 50 Hz, OUTPUT 115 V, 1000 VA. Mdogo wangu anasema halijaota kutu ndani ya soketi, ila waya wake panya wameutafuna.

fundi_koili

Safi sana. Hiyo ni transfoma ya kushusha volti, na imeandikwa 50 Hz, maana yake ilitengenezwa kwa umeme wa huku. Za 60 Hz peke yake huwa zinachemka zikija kwetu. Mota yenyewe haijali 50 wala 60, ya kaboni inakubali zote. Mashine ya umri huo kwa kawaida haifiki wati 1000, kwa hiyo boksi linatosha, ila usiunganishe kitu kingine humo wakati inafanya kazi.

Sasa sikiliza utaratibu, na usiruke hatua.

Kwanza waya. Tupa wote, wa mashine na wa boksi. Weka waya wa nyuzi tatu wenye ganda la mpira. Mwili wa mashine ni chuma mtupu na mkono wako uko juu yake muda wote, ndiyo maana ilikuwa na pini ya tatu. Aliyeikata alitaka iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Ethi iungwe kwenye mwili wa aluminiamu kwa skrubu, kwangua ukungu mpaka chuma king'ae ndipo ufunge. Halafu fundi ahakikishe ethi hiyo inapita kwenye boksi mpaka kwenye plagi ya ukutani. Boksi nyingi za zamani soketi yake haina ethi kabisa, na hapo unakuwa umebadilisha waya bure.

Pili, mota ipimwe kabla ya kupewa umeme. Mita ya kawaida haitoshi, inatumia betri ndogo haioni unyevu uliojificha kwenye koili. Tafuta fundi wa kusuka mota mwenye mega (mita ya volti kubwa inayoonyesha kama umeme unavuja), apime kati ya koili na mwili kwa volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe. Iweke juani siku kadhaa ikiwa imefunguliwa, upime tena. Mara nyingi ni unyevu na vumbi la kaboni tu, haijaungua.

Tatu, kaboni. Zikiwa fupi hata ukose za Kirby, chukua za grainda zilizo kubwa kidogo, uzisugue kwenye msasa laini zikae sawa. Ziteleze zenyewe ndani ya nyumba yake bila kusukumwa na bila kucheza. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kaboni ikibana haigusi komyuteta (pete ya shaba ya amecha) vizuri, cheche zinaanza, komyuteta inaliwa.

Beringi: toa, soma namba iliyochongwa pembeni, nenda dukani na namba hiyo. Ukienda na jina la mashine watakuambia hakuna. Ukishafika hapo, washa mara ya kwanza kupitia boksi ukiwa umeunga taa ya wati 100 ya nyuzi (balbu ya zamani, si LED) kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye taa ndipo ufike kwenye mota. Taa ikiwaka kwa nguvu zote na mota haitikisiki, zima, kuna shoti.

Ng'wana Kahama

Transfoma, mega, taa ya wati 100... Mkuu, fagio la chelewa halidai ethi 😂

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Assalaam aleikum wanangu. Mimi niko Unguja, na kina mama wenzangu tunasimamia usafi wa msikiti wetu, mazulia ukuta kwa ukuta. Chelewa inatoa takataka za juu tu, mchanga unabaki chini ya manyoya na ndio unaokata zulia. Zile mashine za mpira mrefu za siku hizi zinapiga kelele nyingi na hazina brashi ya kuzunguka. Ya kusimama ndiyo inayotikisa mchanga ukatoka. Kwa hiyo usimsikilize huyo wa chelewa.

La mfuko nakupa mimi, maana nimeshona. Usitumie nailoni wala turubai. Hewa yote inayovutwa lazima itoke kupitia kitambaa, na kitambaa kisipopumua mashine haivuti. Lakini kikiwa chepesi kama cha kanzu, vumbi linatoka pamoja na hewa na unalirudisha chumbani. Tafuta kitambaa cha drili ya pamba iliyofumwa kwa kubana, uifue mara mbili kwanza itoe dawa na irudi, ndipo ukate. Mishono ikunjwe mara mbili, upande wa ndani usiache nyuzi. Na kabla ya kukitupa kilichotafunwa na panya, kitumie kama patani, hasa pale shingoni kinapofungwa kwenye chuma.

Mtu wa Iramba

Shikamoo Bi Mkubwa, ahsante sana. Shingo ya mfuko bado ipo nzima, nitaipeleka kwa fundi cherehani kama ulivyosema.

Mbongo wa Columbus

Kuhusu rangi ya silva: mwambie huyo fundi hapana. Kirby inajulikana kwa aluminiamu iliyosuguliwa ikawa kioo, na ukishapuliza rangi utaitoa kwa taabu. Ukungu mweupe ni aluminiamu yenyewe ilivyoliwa juu juu. Fungua mota na vitu vyote vya umeme vitoke kwanza, osha mwili kwa sabuni ya vyombo, kisha msasa wa maji: anza 400 kwenye vidoa vibaya tu, halafu 600, 1000, 2000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Malizia na Brasso au polishi ya vyuma na kitambaa laini. Mkono utauma.

Usiguse magadi wala dawa ya kuzibulia choo hata kama mtu atakuambia inang'arisha sufuria. Aluminiamu inageuka nyeusi na inaliwa. Steelwool nayo iwe mbali na mota, vile vinyuzi vinaingia kwenye koili na huvioni.

Kibao cha jina usikisugue kabisa. Hizo herufi zilizobaki ndizo zilizotuambia ni mashine gani.

Kipanga wa Mjini

Haya nimekubali siyo Hoover. Lakini silva ingependeza.

fundi_koili

Nakuunga mkono Columbus. Nyongeza moja kabla sijasahau: mashine hizi za zamani uchafu unapita kwenye feni kabla ya kuingia kwenye mfuko. Mtu wa Iramba, chomoa mdomo wa mbele uangalie feni kwa tochi. Pitisha kidole taratibu kwenye kila bawa. Kama kuna bawa limekatika au limepinda, mashine itatetemeka na beringi mpya hazitadumu. Jiwe dogo au msumari unatosha kulivunja, kwa hiyo hata ikipona usifyonzee uani.

Mtu wa Iramba

Nimeangalia feni jioni hii. Mabawa yote yapo, moja lina kidonda ukingoni lakini halijapinda. Nilichokuta humo ndani ni manyoya ya zulia yaliyosokotana na skrubu moja ya shaba ya mbao. Hiyo lazima ni ya babu.

Boksi linapanda basi kesho. Fundi wa mota nimempata, ana mega. Swali la mwisho: mkanda wa Kirby mpaka uje kutoka Marekani si leo. Naweza kukata pete ya tyubu ya baiskeli nijaribie?

fundi_koili

Kujaribu mota huhitaji mkanda. Geuza kile kitasa au iache bila mkanda kabisa, mota na feni vitazunguka, brashi itatulia. Tyubu inavutika ikipata moto, inateleza kwenye shafti na kuacha mpira ulioyeyuka ambao utaukwangua wewe. Subiri.

Mbongo wa Columbus

Mkanda wake unaingia kwenye bahasha. Kuna mtu wa kwetu anakuja Dar mwezi ujao, nitumie ujumbe wa faragha nimpe na brashi ya kuviringika pia. Ila pima urefu wa brashi yako kwanza, kutoka ncha hadi ncha, bila vifuniko vya pembeni.