Wapiga solo wa bendi za kopi: mnafuata rekodi au mnajiachia?

Chalii_wa_Sakina:
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga gita la solo kwenye bendi moja hapa Arusha, Alhamisi na Jumamosi tunapiga hotelini kwa wageni, siku zingine harusi na send-off. Ni kopi mwanzo mwisho, hatuna hata wimbo mmoja wetu.

Sasa Jumamosi iliyopita tumefika kwenye Hotel California ya Eagles. Ile solo naijua hata ukiniamsha saa nane usiku, na siku hiyo mkono ulikuwa mwepesi sana, nikaanza mistari ya kwanza kama ilivyo alafu nikatoka, nikaweka vitu vyangu, pale katikati nikachomekea na ka-sebene kidogo, mpiga drams akacheka akanifuata, kwangu mimi ilikuwa moto kabisa. Nanyanyua kichwa naona meza ya mbele mzee mmoja wa Kizungu kanyanyua mkono wa kushoto vidole vimekaa kama ameshika gita, inaonekana alikuwa anapiga na mimi tangu mwanzo, sasa mkono umebaki tu hewani haujui uende wapi. Akamwangalia mkewe, akaushusha, akachukua glasi yake.

Baada ya shoo kiongozi wa bendi akanikata elfu kumi. Anasema wageni wamekuja kusikia Eagles hawajaja kunisikia mimi. Nimeumia kwa kweli maana mm sio spika ya bluetooth. Je ni haki hii? Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mkongwe_Majengo:
Mwanangu pole kwa elfu kumi. Nimepiga rizimu miaka mingi huku Moshi na huko Arusha, bendi zenyewe nyingi zilishakufa.

Enzi zetu kopi ilikuwa kazi. Wimbo unausikia Redio Tanzania, hakuna pa kurudisha nyuma, mmoja anawahi maneno kwenye daftari mwingine anawahi gita, ukipita umepita mpaka siku wakiupiga tena. Kwa hiyo kopi ya kila bendi ilikuwa na makosa yake na watu waliyazoea, wengine walikuja kwa ajili ya hayo makosa. Na hizo rekodi zenyewe bendi ziliingia studio pale RTD wakapiga wote kwa pamoja, ile solo unayoisikia ni ya asubuhi hiyo tu. Ukienda kuwaona ukumbini wimbo ule ule wakifika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze, mpiga solo anakaa humo mpaka atakapochoka yeye au wachezaji. Hao kina Kinyonga kabla hawajavuka Kenya wakawa Simba Wanyika walikuwa hapo hapo kwenu, bendi ikiitwa Arusha Jazz, mwanzoni mwa miaka ya 70. Hakuna aliyewadai noti kwa noti.

LAKINI. Mwanzo wa wimbo usiuguse. Mbaraka Mwinshehe amefariki 1979, mpaka leo Desemba watu wakirudi nyumbani ukigusa yale manoti ya kwanza ya wimbo wake Shida kina mama wanasimama kabla hata hujafungua mdomo. Siku moja harusini Rau kijana wetu alitaka kuupamba ule mwanzo, bibi mmoja alishanyanyuka na khanga yake akasikiliza kidogo akakaa, wimbo ukaanza yuko kwenye kiti na hakunyanyuka tena. Kile kiti nakikumbuka mpaka leo.

Mangi_nyuzi_sita:
Mzee shikamoo, umemaliza. Ila chalii mimi nakuja na lingine, nahisi tatizo lako sio kujiachia, tatizo ni sebene.

Sebene linakaa juu ya kodi (yale manoti yanayopigwa kwa pamoja) mbili tatu zinazozunguka na zote zinacheka. Hotel California ina kodi nane (sio zile za TRA), Bm, F#, A, E, G, D, Em, F#, ndio hizo hizo chini ya solo yote. Kila mara inapofika F# ile noti ya A# iliyomo ndani yake lazima uiguse au uizunguke kwa akili, ukiipita na A ya kawaida kama upo kwenye Bm tu inasikika umepotea njia. Don Felder na Joe Walsh, wapiga gita wa Eagles, hawakurusha vidole hovyo, kila mstari wao unafuata kodi iliyopo chini, ndio maana watu wanaiimba kwa mdomo kama mashairi. Ukitaka kuwa huru humo anza kuzifuata hizo kodi nane kwa manoti yako mwenyewe, taratibu, nakuhakikishia yule mzungu asingeshusha mkono.

Alafu kichekesho, hiyo solo hata kwenye rekodi ni kopi. Felder amesimulia mwenyewe kwamba alirekodi mkanda wa majaribio nyumbani, walipofika studio Miami akataka kupiga kitu kipya, Don Henley, mwimbaji wao, akakataa, anataka ile ya kwenye mkanda. Ikabidi apige simu nyumbani kwake mfanyakazi autafute mkanda auweke karibu na simu ili ajisikilize na kujifunza alichopiga. Kwa hiyo hata mwenyewe alikatwa elfu kumi kwa namna yake hahaha.

Besi_tu:
Nyie wapiga solo mna raha. Hakuna anayeniuliza mimi mpiga besi najisikiaje dakika ya saba mtu bado "anajieleza".

Mtoto_wa_Kijenge:
Mi sipigi chochote, mi ni mnywaji tu ila naomba niseme. Nikija baa bendi ikapiga wimbo ninaoupenda nataka ule ule, nikitaka maajabu ntaenda sehemu ya maajabu. Ila kumkata mtu hela ya jasho sio sawa, angemwambia tu pembeni.

Mangi_nyuzi_sita:
@Mtoto_wa_Kijenge kaka hapo ndo pagumu, "ule ule" upi? Mfano Comfortably Numb ya Pink Floyd, ile solo ya mwisho David Gilmour aliirudia mara tano sita alafu akachagua vipande vizuri wakaunganisha. Unayoisikia hakuipiga hivyo kwa mkono mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, sisi ndio tunaipiga kwa mkupuo. Na Hotel California kwenye rekodi haina mwisho, inafifia tu mpaka inapotea, kwa hiyo kila bendi duniani ule mwisho lazima itunge yenyewe. Eagles wenyewe waliporudiana 1994 mwanzo waliubadilisha kabisa, solo wakaiacha karibu vile vile, nadhani walijua watu wameishika wapi.

Chalii, nyie mna gita ngapi? Maana yale maporomoko ya mwisho ni gita mbili zinashuka pamoja.

Chalii_wa_Sakina:
Gita la solo ni moja. Mzee @Mkongwe_Majengo shikamoo na asante, nimekuelewa hasa hapo kwenye kiti. @Mangi hiyo ya A# imenichoma kwa sababu nimesikiliza rekodi ya simu aliyochukua mpiga drams na kweli kila nikifika F# nasikika kama mtu anatafuta funguo mfukoni. Siku yenyewe sikusikia kabisa, nilikuwa nimenogewa.

Mangi_nyuzi_sita:
Mpe mpiga kinanda ile sauti ya pili mshuke naye, mtoe sauti nyembamba isije ikawa kama kwaya. Hapo pigeni kama ilivyo. Ukishamaliza, pale rekodi inapofifia, ndo pako, hakuna atakayekudai.

Chalii_wa_Sakina:
Jana mazoezini tumefanya hivyo. Kinanda na gita vilikubali mara ya tatu, kiongozi hakusema kitu ila alikuja kusimama karibu na ampu yangu. Pale mwisho kanipa mizunguko miwili ya kodi zile nane. Nimeomba minne, kasema mbili. Elfu kumi hajaitaja na mimi nimeona nisimkumbushe kabla ya Jumamosi.

Besi_tu:
Miwili inatosha sana.