Mabaka ya kijivu kwenye sentimita 68: shimo langu la Iowa ni Clarion au Nicollet?

Kijana_wa_Shimo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya udongo kutoka Morogoro, na kwa sasa niko Iowa, Marekani, ambako tumepewa kazi ya kuchimba shimo katika shamba la mahindi na soya, kulieleza tabaka kwa tabaka, kisha kuupa udongo jina lake katika mfumo wa uainishaji wa Marekani. Shamba liko kaskazini mwa jiji la Des Moines, ndani ya eneo lililofunikwa na ule ulimi wa barafuto ulioshuka kutoka Minnesota mwishoni mwa zama za barafu, yapata miaka 12,000 hadi 15,000 iliyopita. Shimo lenyewe liko katikati ya mteremko mdogo wa asilimia 3.

Juu, hadi sentimita 20, ni tabaka lililolimwa: tifutifu, chembechembe, rangi 10YR 2/1 likiwa na unyevu (namba za kitabu cha rangi cha Munsell: aina ya rangi, weupe, kisha ukolevu). Kutoka 20 hadi 42 weusi unaendelea, 10YR 2/2, na mizizi ni mingi. Kutoka 42 hadi 72 kuna tabaka B (tabaka la kati, chini ya lile jeusi) la kahawia, 10YR 4/3, lenye vibonge vya pembe butu. Maabara imenipa udongo wa mfinyanzi asilimia 26, na sikuona utando wa mfinyanzi kwenye nyuso za vibonge hivyo. Baada ya hapo ni tabaka la mpito, na kuanzia sentimita 98 nimefika kwenye mashapo yenyewe: 2.5Y 5/4, yameshikamana kiasi cha kekee (kifaa cha kutobolea udongo) kugoma, yana kokoto za kila namna, na tone la asidi ya haidrokloriki linatoa povu papo hapo, dalili ya chokaa. Juu ya 98 asidi haikutoa povu lolote.

Tatizo langu ni moja. Kwenye sentimita 68 nimeona mabaka madogo ya kijivu, 2.5Y 5/2, na baadhi yana kutu kandokando. Shamba limefukiwa mabomba ya kutolea maji tangu zamani, na shimo halikuingia maji hata baada ya mvua ya siku mbili. Mwenzangu anasema mabaka hayo ni masalio ya maji yaliyojaa enzi ya kabla ya mabomba, kwa hiyo hayahesabiwi, na kati ya aina mbili za udongo zinazojulikana hapa, Clarion na Nicollet, huu ni Clarion. Nami niliandika Clarion. Mkufunzi alinirudishia karatasi akiwa amelizungushia neno hilo wino mwekundu na kuweka alama ya kuuliza, bila neno jingine. Naombeni msaada.

Mzee_wa_Kekee

Mwanangu, maelezo yako ni mazuri kuliko mengi niliyowahi kuyasahihisha, ila umeandika "kokoto za kila namna" ukapita, ilhali hapo ndipo ushahidi wako wote ulipo. Mashapo yaliyoburutwa na barafuto na kuachwa papo hapo hayajachujwa na chochote. Mfinyanzi, mchanga, changarawe na pengine jabali hukaa pamoja kama zege lisilo na saruji. Yale yaliyopelekwa na maji ya barafu inayoyeyuka huwa yamepangwa, mchanga kwa mchanga na changarawe kwa changarawe. Vumbi lililoletwa na upepo, yaani loesi, karibu halina kokoto kabisa. Tama, ambao ndio udongo uliochaguliwa kuliwakilisha jimbo la Iowa, umetokana na loesi, na anayedhani kila udongo mweusi wa jimbo hilo ni zao la barafuto moja kwa moja atakosea kwenye mashamba mengi. Katika eneo lako, hata hivyo, ulimi wa barafu ulifika wakati sehemu kubwa ya loesi ilikwisha kutua, ndiyo maana mashapo ya barafuto yako karibu na uso bila blanketi la vumbi juu yake. Kwa hiyo taja kokoto kwa aina: matale na mawe magumu mengine ya kaskazini, chokaa, dolomaiti, na vipande vya mwamba laini wa kijivu uliotokana na tope la bahari ya kale.

Hicho kipande cha mwisho kikumbuke, nitakirudia.

Sasa mabomba. Mwenzako amekosea, na ni kosa linalofanywa na watu wenye vyeti. Mfumo wa Marekani haumwachi mkulima abadilishe jina la udongo kwa kufukia bomba. Ili Hapludoli (kundi la udongo mweusi wa nyasi wa nchi zenye mvua ya kutosha) iitwe Akwiki (yenye dalili za maji), yatakiwa ndani ya sentimita 75 za juu kuwe na mabaka yaliyopoteza chuma, yenye ukolevu wa rangi wa 2 au chini ya hapo, pamoja na hali ya kujaa maji kwa kipindi fulani katika miaka ya kawaida, au udongo uwe umetolewa maji kwa njia ya bandia. Neno "au" ndilo linalobeba kesi yako. Kwamba shimo lako ni kavu leo hakuthibitishi lolote isipokuwa kwamba mabomba yanafanya kazi. Ikiwa mabaka ya sentimita 68 ni ya kweli, huu si Clarion, maana Clarion ni Hapludoli ya Tipiki (ya kawaida). Ni Nicollet, ambao ni Akwiki.

Lakini je, ni ya kweli? Ule mwamba laini niliokutajia una rangi ileile ya kijivu, na ukichanika ndani ya tabaka B humpoteza mtu. Toa bonge kutoka ukutani, ulivunje kwa mikono na wala usilikate kwa kisu, kwa sababu kisu hupaka udongo na kufuta unachokitafuta, kisha ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Baka lililopoteza chuma hufuata njia ya mzizi wa zamani au uso wa kibonge, kingo zake hufifia taratibu, na chuma kilichohama utakiona kimejikusanya pembeni kama mstari wa kutu. Kipande cha mwamba kina kingo kali, hakifuati njia yoyote, na ukikikwangua kwa ukucha hutoka kijibamba chembamba. Fanya hivyo kwanza, jina litafuata.

Bi_Shamba_Nakuru

Nakubaliana na Mzee, nami nina mawili ya kuongeza kwa sisi tunaotumia mfumo wa kimataifa wa WRB zaidi ya ule wa Marekani.

Kwanza, weusi huu usiwakumbushe udongo wa mbuga. Weusi wa mbuga zetu hauendi sambamba na wingi wa mboji. Ule ni udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka, na kiangazi mtu huweza kuingiza mkono mzima katika ufa. Weusi wa Iowa ni mboji ya nyasi ndefu zilizoota na kufa hapo kwa maelfu ya miaka, katika baridi isiyoruhusu mboji hiyo kuoza haraka. Ndiyo maana tabaka la juu la kijana huyu linaweza kuitwa moliki, yaani tabaka nene jeusi lenye mboji na rutuba: weupe wa rangi hauzidi 3 likiwa na unyevu wala 5 likiwa kavu, na ikiwa kaboni ya mboji ni walau asilimia 0.6 na madini ya besi (kama kalsiamu) yameshika walau nusu ya nafasi za udongo za kushikia madini, limefuzu. Hizo namba mbili za mwisho hukuzitoa, ndugu yangu, wala rangi ya udongo mkavu. Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha moliki.

Pili, katika WRB udongo wako utaangukia kwenye kundi la Faeozemu, wala si lile la Chenozemu kama wengi wangekimbilia kusema kwa kuona weusi na chokaa. Chenozemu hudai chokaa iliyojijenga upya ndani ya udongo, ikianza si zaidi ya sentimita 50 chini ya mwisho wa tabaka jeusi. Kwako tabaka jeusi limeishia 42 na povu limeanza 98, tofauti ya sentimita 56. Na juu ya hayo, chokaa unayoieleza yaelekea ni ile iliyosagwa na barafuto kutoka kwenye miamba, haikujengwa na udongo wenyewe.

Na jambo la pembeni ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: kupangilia udongo kutoka kilimani hadi bondeni kama mnyororo mmoja, Clarion juu, Nicollet katikati, Webster chini, kunaitwa katena, na neno hilo liliingizwa katika sayansi ya udongo na Geoffrey Milne miaka ya 1930 alipokuwa akifanya kazi Amani, Usambara. Kwa hiyo kijana wa Morogoro anayehangaika na mteremko wa Iowa anatumia chombo kilichoundwa nyumbani.

Kijana_wa_Shimo

Shikamoo Mzee, na asante sana Bi Shamba. Nimerudi shambani jana na kioo cha kukuzia, nikavunja vibonge kwa mkono kama nilivyoagizwa, na naona haya kueleza nilichokikuta. Mabaka yote matano niliyoyapima kwenye sentimita 68 yana kingo kali. Matatu yametoka kwa ukucha kama magamba ya samaki. Ile kutu niliyoiandika kuwa "kandokando" ilikuwa ya kipande cha mwamba chenyewe kinachooza. Mabaka yanayofuata njia za mizizi, yenye mstari wa kutu kuzunguka kijivu, yanaanza sentimita 81, na kutoka hapo kushuka ni mengi.

Kisha nikatoboa kwa kekee kuelekea bondeni. Mita 15 chini ya shimo mabaka ya kweli yalianza sentimita 66, na mita 30 chini yalianza 57, huku tabaka B likipoteza ule ukahawia na kuwa 10YR 4/2. Upande wa juu, mita 15, sikuona baka lolote hadi sentimita 95.

Maabara nayo imeleta namba zilizobaki: kaboni ya mboji ni asilimia 2.3 katika tabaka lililolimwa na 1.4 chini yake, besi zimeshika zaidi ya asilimia 80, na uwezo wa kushika madini katika tabaka B ni sentimoli 19 kwa kilo. Rangi ya udongo mkavu ni 10YR 4/1 juu na 4/2 chini yake.

Mzee_wa_Kekee

Marahaba, mwanangu. Hakuna cha kuona haya, maana walioitumia miaka mingi kekee hiyo wamewahi kuuita mwamba baka.

Shimo lako basi ni Hapludoli ya Tipiki, kwa kuwa mabaka ya kweli yako chini ya 75. Jina la familia (ngazi ya uainishaji iliyo juu ya majina kama Clarion) lijenge kwa namba zako mwenyewe: mfinyanzi wa asilimia 26 uko kati ya 18 na 35, nalo ni kundi la tifutifu laini, mradi uonyeshe pia kwamba mchanga na kokoto vinafika walau asilimia 15, na mradi wastani uuchukue kwa sehemu yote kuanzia sentimita 25 hadi 100, si kwa tabaka B pekee. Gawa 19 kwa 26 utapata 0.73, ambayo inapita 0.60, kwa hiyo utendaji wa mfinyanzi ni wa daraja la juu kabisa. Madini ni mchanganyiko, na joto ni la daraja la mesiki, yaani wastani wa mwaka kati ya nyuzi 8 na 15 kwa kina cha sentimita 50. Hiyo ndiyo familia ya Clarion, na jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, jambo ambalo nadhani ndilo alilolizungushia mkufunzi wako wino.

Tundu mbili za chini ziandike kama Nicollet. Kwenye ramani chora mpaka kwa mstari wa vitone kati ya shimo na tundu la mita 15 upande wa chini, na useme waziwazi kwamba umeuweka kwa kekee tatu na shimo moja. Kama utapata nafasi ya kushuka zaidi, pima kingo za kidimbwi chochote cha bondeni kwa asidi kuanzia juu kabisa. Povu likitoka kwenye udongo mweusi wenyewe, huo si Webster, huenda umefika kwenye Harps, ambao maji ya bondeni huupandishia chokaa hadi usoni.

Na shimo lifukie, udongo wa chini urudi chini na mweusi urudi juu, kabla mwenye shamba hajapita na trekta.