Tupeane uzoefu: ukiwa safarini unajikingaje na mbu?

Mwalimu wa Lushoto
Ndugu zangu, salaam kwenu. Kwetu milimani baridi hupunguza mbu, wengi hatutumii chandarua, na kwa kuwa hatuugui malaria mara kwa mara, miili yetu haina kinga waliyo nayo wenzetu wa pwani. Wakati wa masika nilikwenda msibani Pangani, nikalala matanga siku nne barazani, juu ya mkeka, pamoja na wanaume wenzangu. Nilirudi mzima. Siku ya 12 nilianza kutetemeka, nikadhani ni baridi yetu ya kawaida, nikajifunika mablanketi mawili na kumeza dawa za maumivu hadi mke wangu aliponipeleka zahanati. Tabibu aliposikia nimetoka pwani alinipima papo hapo, akanieleza kwamba vimelea hukaa kwanza kwenye ini, ndiyo maana homa huja baada ya siku saba au zaidi. Nyinyi mnafanyaje mkiwa ugenini?

Mama wa Chumbageni
Pole sana, mwalimu. Mimi husafiri na chandarua changu chenye dawa, kamba ya katani na misumari miwili, kwa sababu vyumba vingi vya wageni havina pa kutungikia. Kabla ya kufunga mzigo hukinyanyua dirishani nikitafuta matundu, nikashona hata lile dogo. Usiku hukichomeka chini ya godoro na kulala katikati, kwa maana mkono ukigusa chandarua mbu huung'ata akiwa nje.

Dereva, Tanga–Dar
Tusisahau mchana. Mwaka 2019, homa ya dengue ilipoenea Dar es Salaam na huku Tanga, niliugua ingawa nililala ndani ya chandarua kila usiku. Macho yaliuma kwa ndani, viungo vilikuwa kama vimevunjwa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mbu wa dengue hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni, na huzaliana kwenye maji ya makopo na matairi, ambayo gereji zetu zimejaa. Tabibu alinikataza kabisa aspirini, kwa kuwa huweza kuzidisha kutoka damu, akanipa parasetamoli na kunihimiza ninywe maji mengi. Sasa huvaa mikono mirefu na kujipaka dawa ya kufukuza mbu tangu alfajiri.

Mwalimu wa Lushoto
Ahsanteni. Arobaini ya marehemu inakaribia, nami nitarudi Pangani na wanangu wawili. Dada, barazani hakuna godoro wala dari, chandarua nitakitungikaje?

Mama wa Chumbageni
Funga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, kitungike hapo, kisha ingiza pindo lake chini ya mkeka pande zote. Kifunge kabla ya magharibi, na watoto waingie mapema, hata kama wakubwa bado mko kwenye kisomo.