Mfereji wa vena wa kushoto hauonekani vizuri kwenye MRI: ni maumbile au damu imeganda?

Swali
Habari za kazi, wataalamu. Dada yangu ameumwa kichwa kwa wiki tatu, akapimwa MRI ya vena za kichwa (mishipa inayorudisha damu moyoni) bila kudungwa dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha mishipa kwenye picha. Mfereji wa mlalo, yaani njia ya damu ya vena inayopita nyuma ya kichwa, wa kulia ni mnene hadi shingoni, ila wa kushoto unaanza kama uzi, unapotea, kisha unatokea tena karibu na sikio. Ripoti inasema huenda amezaliwa hivyo, lakini haikanushi kuwepo kwa bonge la damu. Naomba kueleweshwa namna ya kutofautisha hali hizi, kwa maana tiba zake hazifanani.

Jibu la kwanza
Pole kwa kuuguza. Kwa watu wengi, damu ya mfereji mkubwa wa utosini humwagikia zaidi kulia, kwa hiyo mfereji wa kushoto kuwa mwembamba ni jambo la kawaida. Isitoshe, MRI ya aina hiyo huonyesha mwendo wa damu, si mshipa wenyewe. Damu ikienda polepole, hata mshipa usio na tatizo huweza kuonekana umekatika. Mimi huanza na mfupa: kwenye CT (picha ya eksirei ya kompyuta), natazama tundu la kitako cha fuvu inamopita vena ya jugula, ile kubwa ya shingoni, pamoja na mfuo wa mfupa ulio nyuma ya sikio, unamolala mfereji huo. Aliyezaliwa na mfereji mwembamba kwa kawaida huwa na tundu dogo upande huohuo. Mfuo ukiwa mpana na damu haionekani ndani yake, hapo ndipo napata wasiwasi.

Jibu la pili
Naafiki, ila mfupa pekee hautoshi, kwa sababu hata mfereji mwembamba wa kuzaliwa unaweza kugandiwa na damu. Ombeni kipimo chenye kontrasti. Mfereji mwembamba hujaa kontrasti tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali bonge huacha pengo. Kipengo cha mviringo chenye kingo laini chaweza kuwa kinundu cha araknoidi tu, ambamo maji ya ubongo hurudi kwenye damu. Akianza kutapika, kuona ukungu, kupata degedege au kulegea upande mmoja, msisubiri miadi; mpelekeni hospitali mara moja.

Muuliza swali
Nashukuruni sana. Anayo CT ya mwaka jana, alipoanguka, na tundu la kushoto linaonekana kama nusu ya lile la kulia. Nitampa daktari picha hizo kabla ya kipimo cha kontrasti.