Kikokotoo (kanuni ya kukokotoa pensheni) cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania: hiyo 40% ni ya nini?

Kibatari: Wakuu, naomba hesabu kamili. Mtumishi wa umma aliyekuwa PSPF (mfuko wa zamani uliounganishwa kuwa PSSSF 2018), kaajiriwa 1995, kastaafu 2025 akiwa na miaka 60. Miezi 360, mshahara wa msingi wastani shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mkupuo, yaani fedha anayopewa mara moja akistaafu, ni 40% ya michango au ya mshahara? Na ile miaka ya kabla ya 1999, ambayo hakukatwa chochote, nani anailipia?

Mshika Kalamu: Si ya michango wala ya mshahara. Ni 40% ya pensheni ya mwaka, kisha unazidisha kwa 12.5, namba iliyowekwa na kanuni.

Wastani wa mwaka (miaka mitatu yenye mshahara bora ndani ya kumi ya mwisho): 14,400,000.
Zidisha kwa miezi ya kazi, gawanya kwa 580, kigawanyo cha kanuni: 14,400,000 × 360 ÷ 580 = 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka.
Mkupuo: 8,937,931 × 40% × 12.5 = 44,689,655.
Kila mwezi: 8,937,931 × 60% ÷ 12 = 446,897, hadi kufa.

Watu wanagombania asilimia, lakini kilichouma zaidi ni 580 na 12.5. Zamani PSPF ilikuwa 540, 15.5 na 50%. Kwa mtu huyuhuyu mkupuo ungekuwa 74,400,000, ila kila mwezi angeambulia 400,000.

Bi Mkubwa wa Hesabu: Kuhusu 1999: kabla ya Julai mwaka huo pensheni ya serikalini ililipwa na Hazina moja kwa moja. PSPF ilipoanza ikabebeshwa na miezi ya nyuma, kwa hiyo michango ya walio kazini ikawa inalipa wastaafu badala ya kuwekezwa. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalum ya trilioni 2.17 kupunguza deni lake kwa mfuko kwa miezi hiyo. Isiyo taslimu, tuelewane: mfuko ulipewa karatasi inayozaa riba, si fedha mkononi. Michango ni 20% ya mshahara wa msingi, mtumishi 5, mwajiri 15.

Kibatari: Akipandishwa daraja mwaka mmoja kabla ya kustaafu?

Mshika Kalamu: Theluthi moja tu ya nyongeza ndiyo itaingia kwenye wastani. Na posho hazihesabiwi kabisa. Cha kuwahi ni taarifa ya michango: aipitie mwezi kwa mwezi, kila pengo alipeleke kwa mwajiri na salary slip ya mwezi huo. Jina la kitambulisho cha taifa (NIDA) likitofautiana na la barua ya ajira, arekebishe akiwa bado kazini.