Herufi nene za kukopi mtandaoni, kwanini wateja wanaona viboksi na SMS zinaisha haraka?

vitenge_kkoo
Habarini wakuu, naombeni msaada. Nauza vitenge Kariakoo, mtaa wa Kongo, wateja wangu wengine nawapata WhatsApp na wengine wenye viswaswadu nawatumia SMS za jumla. Asa magrupu yamejaa, kila mtu anarusha matangazo toka alfajiri, ukiandika kawaida tangazo linazama kabla hata watu hawajaamka. Nikaona wenzangu wanaandika kwa maandishi manene yanayong'aa, nikaingia kwenye tovuti moja unaandika neno lako inakugeuzia, unakopi unapesti, ikatoka hivi: 𝗩𝗜𝗧𝗘𝗡𝗚𝗘 𝗩𝗜𝗣𝗬𝗔. Nikafurahi kwelikweli.

Sasa wiki hii nimetuma SMS kwa wateja 300, meseji ina herufi 140 tu ukihesabu na nafasi, nimekatwa SMS 900! Af mama mmoja wa Mbagala, mteja wangu wa miaka, kanipigia ananiuliza mwanangu umenitumia nini mbona naona viboksi vitupu. Nimeumia maana salio lile nilikuwa nimelipanga limalize mwezi. Tatizo ni simu zao au mimi?

fundi_mwenge
Pole sana dada. Simu zao hazina shida na hujaibiwa. Hizo ulizokopi sio fonti, yani sio V ileile imenenepeshwa, ni alama nyingine kabisa zilizoingizwa Unicode (ile orodha ya dunia nzima ya herufi na alama za simu na kompyuta) toleo 3.1 mwaka 2001 kwa ajili ya watu wa hesabu, maana kwao x nyembamba na x nene ni vitu viwili tofauti, ile nene mara nyingi ni vekta, yani kiasi chenye mwelekeo. Kwaiyo simu isiyo na michoro ya hizo alama inakuwekea kiboksi, haina kingine cha kuonyesha.

Upande wa SMS ndo kuna hela yako. SMS ya herufi za kawaida inabeba 160. Ukichomeka alama MOJA tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya SMS, meseji nzima inabadilishwa mfumo, inabeba 70 badala ya 160, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Af hizi alama za hesabu kila moja inahesabiwa mbili. Kichwa chako kina herufi nene 12, kwaiyo 140 yako imekuwa 152, vipande viwili ni 134 havitoshi, ikaenda cha tatu. 3 mara 300, hiyo 900 yako. Hata emoji inafanya hivyohivyo, watu wengi hawajui.

Kwenye SMS andika VITENGE VIPYA kwa herufi kubwa basi. WhatsApp weka nyota mwanzo na mwisho wa neno, \*vitenge vipya\*, nyota ziguse neno usiache nafasi katikati, itakuwa nene yenyewe na hizo ni herufi halali. Ipo toka 2016.

dada_tegeta
Naomba niongezee kitu maana hili linanigusa. Kaka yangu haoni, anatumia TalkBack, simu inamsomea kila kinachoandikwa. Grupu letu la ukoo kuna mtu alitangaza kikao cha harusi kwa hayo madude, kichwa chote na tarehe, tukiwa tumekaa sebuleni simu ikapita kimya sehemu yote ya tarehe ikaja kusoma "karibuni sana" mwishoni. Kaka akaniuliza karibuni lini? Nikamsomea mimi. Mtu mzima anajisomea meseji zake zote mwenyewe toka asubuhi, hiyo moja tu ndo anaomba msaada, na mwandishi wala hakukusudia. Tafadhali jamani tarehe, bei na mahali viandikeni kawaida.

mzee_wa_tandika
Mimi kama mnunuzi nikiona maandishi ya hivyo kutoka namba nisiyoijua nafuta hapohapo. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wametuchosha, na matapeli wanapenda herufi za kugeuzageuza ili wasinaswe na vichujio. Kitenge chako kinaweza kuwa kizuri lakini mi nitakuwa nimeshafuta.

keki_za_kimara
Sikubaliani na kuzikataa moja kwa moja. Kwenye maelezo ya profaili ya Instagram hakuna kitufe cha kunenepesha, nyota hazifanyi kazi, ukitaka jina la biashara lionekane njia ni hiyohiyo. Mi nimeweka neno moja tu, keki, mengine yote kawaida. Ila namba ya simu USIGUSE, niliwahi kuiandika kwa tarakimu nene, mteja akawa anaibonyeza haipigi, akaishia kununua kwa mwingine.

vitenge_kkoo
Asanteni sana wakuu, fundi Mungu akubariki. Nimefuta kichwa nikaandika upya kwa herufi kubwa za kawaida, kaunta inasoma SMS 1. Dada wa Tegeta nimekusoma, kwenye magrupu nimeanza kuweka nyota kwenye neno "vitenge vipya" peke yake, bei na mtaa nimeacha. Na mama wa Mbagala nimemtumia tena jana jioni, kajibu, "sasa nimeona, niwekee doti 2 za bluu nakuja Jumamosi".