Wajuzi wa mambo ya ukoo: babu alitoka Norwei, nimekwama

Mama Wawili: Habari wakuu. Nimeolewa Minnesota. Babu wa baba mkwe alihamia huku kutoka Norwei mwaka 1882 kupitia Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, jina lake Ole Olsen. Mzee anatimiza miaka 80 mwezi ujao, nataka nimpe mti wa ukoo kama zawadi. Nikifika kwa Ole, giza. Nianzie wapi?

Kibuyu: Ole Olsen! Hapo unamtafuta Juma Hamisi Kariakoo.

Daftari la Zamani: Olsen ni mtoto wa Ole, basi. Dada yake angeitwa Olsdatter. Sheria ya kila familia kuwa na jina moja la kudumu ilikuja 1923. Wewe tafuta parokia na shamba, kisha ingia Digitalarkivet, tovuti ya kumbukumbu za zamani za Norwei, ni bure. Sensa ya 1865 ina jina, umri, shamba, mpaka idadi ya ng'ombe. Alitoka wapi?

Mama Wawili: Voss.

Daftari la Zamani: Si ulisema giza? Umejuaje?

Mama Wawili: Kuna barua.

Manamba Mstaafu: Babu yangu alitoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga, karani akamwandika jina analolijua mwenyewe. Nimehangaika miaka! Nikampata kwa mzee mmoja Korogwe, akamkumbuka kwa ngoma tu, eti alikuwa akicheza hadi kofia inadondoka.

Mwl. Neema: Ukoo wa wakwe unauchimba, wa kwenu umeumaliza? Jina la baba wa bibi yako unalijua?

Kibuyu: Mwalimu, tulia. Dada, barua ya nani? Usitubanie.

Mama Wawili: Ya mwanamke wa Voss, 1889. Jirani anayejua Kinorwei alitusomea. Inaanza "Mume wangu mpendwa". Na Ole alifunga ndoa na bibi yao hapa 1886. Sioni haja ya kumtaja huyo mama. Bango la mti wa ukoo nimeshalilipia, mzee ana presha, na sherehe ni yake.

Mwl. Neema: Kumbe ulikuja kutafuta wa kukubariki.

Kisu Butu: Chai hii. Ellis Island ilifunguliwa Januari 1892. Huyo Ole wa 1882 alipita kwa ungo?

Kibuyu: 😂😂 Mods, funga uzi.

Mama Wawili: Ellis ni maneno ya baba mkwe, mimi nimeyaleta kama yalivyo. Barua ninayo mkononi. Nyuma yake mtoto kachora farasi mwenye miguu mitano.

Daftari la Zamani: Kisu, tarehe ya Ellis ni kweli, lakini haiui hadithi. Mwaka 1882 New York walipokelewa Castle Garden, na Wanorwei wengi walishukia Quebec wakaendelea na treni. Familia nyingi za Marekani husema Ellis kwa mazoea.

Kisu Butu: Sawa. Huyo mchora farasi ni mtoto wa nani?

Mama Wawili: Ndiyo maana sikutaka kuanza na barua.

Manamba Mstaafu: Basi mzee ana ndugu Voss na hajui! Mimi ningepanda ndege.

Daftari la Zamani: Kabla ya ndege, fungua vitabu vya kanisa vya Voss. Ubatizo wa miaka ya karibu na 1882, jina la baba limeandikwa. Kisha angalia ndoa yao, na vifo. Kwamba yule mama alikuwa hai 1886 haina ubishi, barua ni ya 1889. Na mpigie fundi wa bango leo.

Mama Wawili: Bango linafika Ijumaa.

Kisu Butu: Lete picha ya farasi.